Godoro la Kitanda cha Sita

Godoro la kitanda cha sita lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa nje, upande unaopata jua la kwanza, na katikati yake palikuwa na doa kubwa la maji lenye umbo la jani. Nilisimama mbele yake na kikapu cha mashuka kiunoni. Kwenye hospitali yetu, mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, godoro lake hubaki kitandani. Linapanguswa kwa dawa, linageuzwa, basi. Godoro likitolewa nje asubuhi kabla ya chai, sisi wa chumba cha kufulia hatuulizi. Tunainamisha vichwa kidogo, tunakunja mikono ya gauni, tunakwenda kuloweka.

Nilikuwa nimefua mashuka ya wodi ile miaka kumi na tisa. Nasoma godoro kama wengine wanavyosoma gazeti. Na asubuhi ile nililisoma vibaya.

Naandika haya kwa ajili ya mama yeyote ambaye mtoto wake anasema redioni. Sijui kama mko wengi. Labda hata wewe ambaye mtoto wako hasemi redioni, ila anafanya kazi usiyoijua na mkono unakuwasha kumsaidia. Soma polepole, mwenzangu. Nimeishia darasa la saba na sina maneno ya kupamba, lakini hili nimelipitia kwa miguu yangu.

Aliyekuwa amelala kitanda cha sita tangu Jumapili, mguu umevimba kama gunia, alikuwa Jogoo. Jina lake la nyumbani wachache walilijua. Alikuwa mtangazaji wa alfajiri wa redio yetu ndogo, ile ya ghorofani juu ya duka la misumari, na kwa miaka thelathini na moja ndiye aliyeamsha mji. Alianza kabla redio yenyewe haijakuwapo: alizunguka na baiskeli na kipaza sauti cha bati, akitangaza maji yatakatika lini na mbuzi wa nani amepotea. Redio ilipofunguliwa walimfuata yeye kwanza, kwa kuwa watu walikuwa wameshazoea kumwamini. Wengine walirekebisha saa zao kwa kikohozi chake. Redioni sauti yake ilikuwa nene na ya pole. Ukimkuta dukani, alikuwa kimya kama mtu aliyekwisha kutumia maneno yake ya siku. Mkewe alikuwa akisema yeye ameolewa na redio iliyozimwa.

Redio ile ilikuwa na watu wa ajabu, na niliwajua wote kwa masikio kabla sijawaona kwa macho. Kulikuwa na mtangazaji wa mpira, Dakika Tisini, ambaye akitangaza goli watoto wachanga wanaamka mitaa mitatu, lakini nje ya studio anaongea kwa kunong'ona na akitaka mkate anaonyesha kwa kidole. Kulikuwa na Shangazi wa Mchana, aliyepatanisha ndoa za watu kwa sauti ya asali, halafu akitoka hapo anagombana na kila mtu ofisini kuhusu kiti chake nani kakikalia. Binti yangu alipoanza kazi pale nilipanda zile ngazi siku ya kwanza kumpelekea sweta. Nikawaona wote kwa mpigo, wadogo kuliko sauti zao, wamekaa kwenye benchi wakinywa chai, na ukuta umejaa trei za mayai mpaka darini. Nikajiuliza, haya mayai waliyala wao?

Jogoo ndiye aliyempa binti yangu jina la Kinanda. Mguu ulipoanza kumsumbua, wakamwambia afundishe mtu wa kushika alfajiri baada yake, naye akamchukua mwanangu. Alimfundisha kusoma amesimama, kwa sababu ukikaa sauti inakunjika tumboni. Alimfundisha kumeza mate kabla ya kufungua kipaza sauti. Alimfundisha kusoma jina la marehemu mara mbili na kuacha pumzi moja katikati, ili aliye jikoni apate nafasi ya kuweka kijiko chini.

Na alimfundisha daftari jekundu. Kifo hakisomwi mpaka mtangazaji mwenyewe ampigie simu ndugu wa marehemu, amsikie kwa sikio lake, aandike saa na jina. Aliyeleta habari awe mchungaji, awe shehe, awe daktari, haijalishi. Simu kwanza, daftari, halafu kipaza sauti. Jogoo hakuwahi kuruka hata moja katika miaka yake yote.

Haya yote binti yangu alinisimulia mezani, nami nikiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Nilijua. Kwa hiyo nisije nikasema sikujua.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Baba yake, fundi viatu, husema nikikosa cha kuhofia nahofia kwa nini nimekikosa. Kila kipindi kikiisha nilimpigia mwanangu simu.

"Ulikohoa pale mwanzoni. Umekunywa maji ya baridi?"

"Mama, yule alikuwa mwimbaji."

"Basi naye asinywe maji ya baridi."

Alikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu, na miezi hiyo ilikuwa inaisha Ijumaa. Meneja alikuwa ameshaanza kumtaja kijana mwingine, mwenye sauti laini kama siagi, aliyekuwa akitangaza kwenye redio ya ng'ambo ya mto. Nikaanza kumwona mwanangu anasahau kula. Nami nikimwona mtoto anasahau kula, akili yangu hunitoka, nabaki na mikono tu.

Sasa rudi na mimi pale penye godoro. Ilikuwa Jumatano, saa moja kasoro dakika kumi. Nililia kidogo, sikatai. Mzee yule alikuwa ananisalimia kila nikipita na mashuka: "Mama Kinanda, leo mtoto kasoma vizuri." Nililia, nikajifuta kwa kiwiko. Halafu, machozi hata hayajakauka, nikakumbuka kwamba Ijumaa ni keshokutwa.

Nikatoa simu.

"Mama, baada ya dakika kumi narudi hewani."

"Jogoo ametutoka."

Nilisikia kiti kinaburuzwa.

"Nani amekwambia?"

"Nimeona godoro lake nje. Limetolewa, mwanangu. Nimesimama mbele yake."

"Una hakika?"

"Miaka kumi na tisa. Umeshanisikia nikikosea godoro?"

Alivuta pua. "Ngoja nimpigie mkewe."

"Umpigie umwambie nini?" Nilisema hivyo, mimi, kwa kinywa changu. "Na kama bado hajaambiwa? Unataka asikie kwako, kwenye simu? Isome. Watu wanampenda. Wale wa ng'ambo ya mto wakiisoma kwanza, wewe uliyekuwa mwanafunzi wake utaonekana nani?"

Tazama jinsi nilivyopanga maneno. La kwanza lilikuwa la huruma na la pili lilikuwa la tamaa, na nilitanguliza la huruma ili la pili lipite nyuma yake. Tena huruma yenyewe ilikuwa ya kipofu, maana mke aliyehurumiwa asisikie kwenye simu angesikia wapi? Lakini hilo sikuliona. Nilikuwa namwona mwanangu amekaa kwenye kiti cha alfajiri, na meneja anamshika mkono.

"Sawa, mama," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama zamani nikimpaka dawa ya kidonda.

Saa moja na robo nilikuwa chumba cha kufulia na mwenzangu wa pasi. Redio yetu inakaa rafuni kati ya sabuni na dawa ya madoa. Wimbo ukakatwa katikati. Mwanangu akasema kwa huzuni kubwa anatangaza kifo cha mwalimu wake, sauti iliyoamsha mji kwa miaka thelathini na moja. Akasoma jina mara mbili. Hakuacha pumzi katikati. Alisoma kama anayekimbia mvua, kisha wimbo wa huzuni ukaanza. Mwenzangu wa pasi akajifunika uso kwa foronya.

Na mimi? Nisamehewe. Nilisikia fahari. Nilisema moyoni, wamekuwa wa kwanza.

Ndipo sauti ikatoka mwisho wa korido, nene, ya pole, ambayo hata mtoto wa mji ule angeitambua.

"Sista! Sista, hebu njoo unipime mapigo. Redio inasema nimekufa, na redio ile huwa haidanganyi."

Nilikimbia na povu mikononi. Kwenye chumba cha pembeni, kile cha kitanda kimoja, Jogoo alikuwa ameketi, mguu wake mnene juu ya mto, redio ndogo kifuani. Sista alikuwa ameegemea mlango, anacheka mpaka kofia imekaa upande. Mzee aliponiona akanyanyua kidole kuelekea redio.

"Mama Kinanda, sikiliza. Wimbo wangu huo. Hata siupendi."

Mambo yalikuwa hivi. Jioni ya jana yake alikuwa amemwaga chupa nzima ya chai ya moto kitandani, akitafuta stesheni kwa mkono mmoja na kumimina kwa mkono mwingine. Wakamhamishia chumba cha pembeni, ambako pia redio yake haitasumbua wenzake. Asubuhi wakatoa godoro likauke. Basi. Lile doa lenye umbo la jani lilikuwa chai. Ningeinama nikanusa, ningejua.

Jogoo aliomba simu ya sista, akapiga studio. Fundi mitambo alipopokea na kusikia nani anaongea, alikata. Akapiga tena. Safari ya pili ikapokewa, na kwa kuwa mwanangu alikuwa ameishiwa nguvu, kipaza sauti kilishikwa na aliyekuwapo, yaani Dakika Tisini, aliyekuwa amepita kuchukua shati lake la mpira. Dakika Tisini anajua namna moja tu ya kutangaza. "Jogoo yuko hai! Yuko hai! Yuko haaaai!" Nasikia madukani watu waliruka juu na kukumbatiana kama vile timu imesawazisha.

Jogoo alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akatazama mlango.

"Mke wangu yuko njiani," alisema.

Aliingia robo saa baadaye. Alikuwa na kiatu mguu mmoja. Alikuwa analeta uji asubuhi ile kama kila asubuhi, na tangazo lilimkuta mbele ya duka la misumari, ambapo mwenye duka huning'iniza redio nje, sauti juu. Chupa ya uji ilibaki pale barabarani. Njia yote iliyobaki alikimbia ameziba masikio kwa viganja, ndiyo maana kelele za Dakika Tisini zilimpita bila kuingia.

Alisimama akamtazama mumewe. Hakulia. Alikwenda kitandani, akavuta shuka likae sawa, akapachika pembe zake chini ya godoro, upande mmoja na upande wa pili, kama ninavyofanya mimi. Kisha akakaa.

"Nimekuwa mjane," alisema, "kuanzia duka la misumari mpaka geti la hospitali."

Hakuna aliyecheka tena. Sista aliweka kofia yake sawa.

"Nani amesoma?" mke aliuliza.

"Kinanda," alisema mumewe.

"Huyu mtoto ninayempikia mimi akija kujifunza? Nani alimwambia?"

Mumewe alisema hajui. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, hatua mbili kutoka kwake, na povu linadondoka kutoka vidoleni mwangu hadi sakafuni. Ilikuwa nafasi ya kusema. Neno ni moja tu, "mimi", hata mtoto wa chekechea analijua. Nilisema, "Ngoja nipanguse hapa mtu asiteleze." Nikatoka kutafuta tambara, na nilipotoka sikurudi.

Mwenzangu, kosa la kwanza hata wewe ungeweza kulifanya. Hili la pili ndilo linalonifanya nigeuke kitandani.

Nilivua gauni la kazi nikaenda studio kwa miguu, karibu nakimbia. Ngazi zile nilizipanda bila kushika ukuta. Kwenye benchi walikuwa wamekaa Dakika Tisini na Shangazi wa Mchana, na kwa mara ya kwanza Shangazi alikuwa ameacha kiti chake bila kugombana na mtu. Mlango wa meneja una kioo. Mwanangu alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono nyuma, na daftari jekundu limefunguliwa mbele yake kwenye ukurasa usio na kitu.

"Sikuulizi kama ulikosea," meneja alikuwa anasema. "Nauliza nani alikupa hii habari. Nimtaje nikiiandikia familia barua."

"Ni mtu ninayemwamini," mwanangu alisema.

"Ana jina huyo mtu?"

"Analo. Lakini yeye si mtangazaji, bosi. Mtangazaji ni mimi. Simu ilikuwa kwangu, daftari lilikuwa kwangu. Sikupiga, sikuandika. Andika hivyo kwenye barua."

Nikafungua mlango bila kubisha.

"Ni mimi," nilisema. "Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwambia asipige simu. Kama ni kufukuza, nifukuze mimi."

Meneja alinitazama kichwa mpaka miguu. "Mama, wewe sijakuajiri."

"Basi nifukuze hivyo hivyo."

Mwanangu aligeuka. Nilidhani amekasirika. Alinishika mabega kwa upole, akanitoa nje kama unavyomtoa kuku jikoni, akanikalisha kwenye benchi kati ya wale wawili. "Kaa hapa, mama," alisema. "Hii ni ya kwangu." Akarudi ndani akafunga mlango. Dakika Tisini akaniegemea sikioni na kuninong'oneza, "Chai, mama?"

Meneja alitaka kumwondoa siku ile ile, hakuficha. Lakini alisema hawezi kuamua kabla hajasikia la marehemu. Akapiga simu hospitali, akaweka sauti ya nje, na kwa kuwa mlango ule ni wa mbao nyembamba, wote tuliokuwa benchini tulisikia.

"Kwanza," alisema Jogoo, "umenisoma kwa sekunde kumi na nane. Nilikuwa natazama saa. Miaka thelathini na moja, sekunde kumi na nane! Aliyepotelewa na mbuzi wiki jana ulimpa dakika nzima."

"Nisamehe, mzee," mwanangu alisema, na hapo ndipo sauti yake ilipokatika.

"Sijamaliza. Pumzi hukuacha. Ukiwa unalia, soma polepole zaidi, siyo haraka zaidi. Meneja yupo?"

"Nipo, mzee."

"Nasikia unataka kumfukuza. Kumfukuza ni kazi nyepesi. Kesho saa moja na robo nani ataomba radhi? Wewe? Sauti yako inakwaruza kama bawaba. Dakika Tisini ameshatangaza, nashukuru, lakini saa ile wanaokwenda mashambani walikuwa wameshatoka. Wanaosikiliza saa moja na robo wasahihishwe saa moja na robo. Aliyenizika ndiye atakayenifufua. Baada ya hapo fanya utakavyo, Ijumaa ni ya kwako."

Jioni ile, baada ya kazi, nilikwenda nyumbani kwa mke wa Jogoo. Nilimkuta anaosha chupa mpya ya uji. Nilisema nikiwa bado mlangoni, kwa kuwa nilijijua: nikikaa, nitasema habari za mvua.

"Ni mimi niliyemwambia binti yangu. Niliona godoro. Na asubuhi uliuliza, mimi nilikuwepo, nikanyamaza."

Aliendelea kuosha. Alikung'uta maji, akaigeuza chupa juu ya kitambaa.

"Nilijua," alisema. "Mtu hatafuti tambara nusu saa." Akaniangalia, na macho yake hayakuwa laini, wala sikuyataka yawe laini. "Kesho utakuja wodini saa moja. Sitaki kuisikia hiyo radhi peke yangu, na huyu wangu atakuwa anahesabu sekunde."

Nyumbani mwanangu alikuwa anakula, hilo nililitazama kwanza. Baba yake alikuwa amekaa na kiatu cha mtu mapajani, anajifanya anashona. Nilimwambia mwanangu kila kitu, hata la tambara. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alisema neno ambalo nalibeba mpaka leo, na hakulisema kwa ubaya.

"Mama, angekuwa mtu mwingine yeyote, ningepiga simu."

Baba yake aliacha kujifanya anashona.

Hapo ndipo penye onyo langu, mama mwenzangu, wala usilitafute kwingine. Mtoto wako amefundishwa kumshuku kila mtu isipokuwa wewe. Wale wote wanaopiga simu studio anawachuja, mkubwa na mdogo, lakini neno lako linapita mlango wa nyuma, halikaguliwi. Basi ukiwa na habari, mpe pamoja na namba ya simu ya mwenye nayo, kisha ukate simu yako. Usimpe na haraka. Usimpe na hofu yako. Ukiona anasahau kula, mpikie, usimtafutie ushindi.

Mimi sasa ni mama wa mtangazaji wa alfajiri mwaka wa nane. Ijumaa ile meneja alimwongezea miezi mitatu mingine ya majaribio, kwa barua yenye maneno makali, na kijana wa siagi akabaki ng'ambo ya mto, ambako nasikia ameoa na amenenepa. Mwanangu ana mwanafunzi wake sasa, msichana mwenye miwani, na daftari jekundu limeshabadilishwa mara mbili kwa kujaa. Bado nampigia baada ya kipindi. Namuuliza kama amekunywa kitu cha moto, basi, nakata. Wakati mwingine nikiwa kazini naona jambo, na simu iko mfukoni, na kidole kinasogea. Nakwenda kuloweka mashuka.

Lakini nilitaka kukueleza asubuhi ya Alhamisi.

Tulikuwa watatu kwenye chumba cha pembeni. Jogoo kitandani, mkewe kwenye kiti, mimi nimesimama karibu na dirisha kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Mke alikuwa amemimina uji vikombe vitatu, kimoja akanipa bila kunitazama, na nilikipokea kwa mikono miwili. Redio ilikuwa kitandani, kwenye mkunjo wa shuka. Saa moja na dakika kumi na nne walipiga wimbo wa kasi, na wimbo ulipoisha pakawa kimya. Kimya cha redio kina uzito wake. Nilihesabu moja, mbili, nikasema moyoni ameshindwa, amekimbia, nikakibana kikombe mpaka uji ukapanda ukingoni.

Kisha nikamsikia anavuta pumzi, nami nikavuta naye.

Alisema jina la mzee mara mbili. Katikati aliacha nafasi ambayo ungeweza kuweka kijiko chini na kukichukua tena. Alisema jana saa kama hii alitangaza kwamba mtu huyu amefariki, na kwamba si kweli. Alisema hakumpigia simu ndugu yeyote kama kazi yake inavyomtaka. Hakusema alipewa na nani. Alimwomba radhi mzee, akawaomba radhi wasikilizaji, halafu akamtaja mke wa Jogoo peke yake, akasema, "Mama aliyesikia akiwa barabarani na chupa mkononi, kwako sina neno linalotosha, nakuomba radhi." Sauti ilitikisika kwenye "barabarani", akasimama, akaisubiri itulie, akaendelea. Hakukimbia hata neno moja.

Mke wa Jogoo alikuwa ametazama sakafu muda wote. Alipomsikia anamtaja, aliinua mkono akaishika redio, siyo kuizima, aliishika tu juu yake, kama mtu anavyoshika kichwa cha mtoto mwenye homa.

Jogoo alinyanyua saa yake karibu na macho.

"Dakika moja na sekunde tisa," alisema. "Pale kwenye 'si kweli' angeshusha kidogo, halafu..."

"Nyamaza," mkewe alisema. "Bado anasoma."

Na kweli alikuwa bado anasoma: hali ya hewa, maji yatakatika mitaa gani, funguo zimeokotwa wapi. Mzee akaishusha saa. Tukasikiliza.